Kliniki ya meno Area D: hipnosisi kabla ya ganzi

Kwa wanaoogopa kiti cha daktari wa meno kama mimi: kuna kliniki ndogo hapa Dodoma, Area D, ambako daktari, mama mmoja mtaratibu, anatumia hipnosisi, yaani kukutuliza kwa maneno hadi mawazo yako yazame kwenye jambo moja, kabla ya sindano ya ganzi. Si uganga, wala hulali. Nilisikia kila kitu, hadi bodaboda waliokuwa wakibishana bei nje (wafunge basi hilo dirisha, jamani).

Kwanza aliniuliza nikitaka kutulia huwa nakwenda wapi. Nikamjibu, shambani kwa mjomba Hombolo, zabibu zikiwa zimeiva. Akaanza kunirudisha huko kwa sauti ya polepole: vuta pumzi, mkono unakuwa mzito, taya linalegea, fizi zinapoa kana kwamba umeng'ata barafu. Sindano ilipoingia niliihisi, ila haikunishtua. Jino likazibwa huku mimi bado natembea kati ya mizabibu.

Nilichompendea zaidi ni ukweli wake. Alisema wazi kwamba maneno yake hayachukui nafasi ya ganzi, na kwamba watu hawaitikii sawa, wengine hawaitikii kabisa. Akaongeza kuwa Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliitambua tiba hii mwaka 1955.

Bei imezidi kidogo ya kuziba kwa kawaida, na bima yangu haikulipia ziada hiyo. Chukueni miadi ya asubuhi; mchana foleni inamkimbiza na ile sauti ya upole inapungua. Binti yangu nitampeleka likizo ya Juni.