Uzoefu wangu: Hekalu la mapango la Dambulla, Sri Lanka

Kama ratiba yako ina nafasi ya asubuhi moja tu katikati ya Sri Lanka, ipe Dambulla. Najua wengi wanakimbilia mwamba wa Sigiriya ulio jirani, na Dambulla wanaipitia jioni wakiwa wamechoka. Dereva tuliyemkodi naye alituambia dakika ishirini zinatosha. Hazitoshi hata kwa pango moja.

Hekalu liko kwenye mlima wa mwamba unaoinuka kama mita 160 juu ya tambarare. Chini, kando ya barabara, utapokewa na Buddha mkubwa wa rangi ya dhahabu, urefu wa mita 30. Wapo wanaopiga picha hapo wakaondoka wakidhani wameshaona hekalu. Sanamu hiyo ni ya miaka ya karibuni. Mambo ya kale yako juu, na huko ndiko UNESCO ilikokutambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1991. Ulizia dirisha la tiketi kabla hujaanza kupanda, maana ukifika mlangoni huna tiketi utazishuka ngazi zote tena. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya Sigiriya.

Kupanda si kazi ngumu kwa mtu mwenye afya. Kuna ngazi, kuna vipande vya mwamba mtupu, na kuna vivuli vya kupumzikia. Tulipanda sambamba na familia za wenyeji waliovaa nyeupe, bibi ameshikwa mkono na mjukuu, na karibu kila mtu amebeba maua ya yungiyungi ya kutoa sadaka.

Hapo ndipo kima wanapoingia. Wako wengi, wa rangi ya hudhurungi, na nywele za utosini zimejipanga duara kama kofia. Ni aina isiyopatikana porini popote duniani isipokuwa Sri Lanka. Wanajua kabisa mfuko wa plastiki maana yake nini. Kijana mmoja mbele yetu alipokonywa ndizi kabla hajaimenya, na juu kwenye uwanja wa hekalu nilimwona kima jike, mtoto kamng'ang'ania kifuani, akitafuna maua ya sadaka bila wasiwasi wowote. Naomba sana, usiwape chakula hata wakikutazama kwa huruma. Kima aliyezoea mkono wa mtalii huishia kung'ata watoto, na hasara inamrudia yeye. Ukitulia utaona pia kima wa kijivu wenye uso mweusi na mkia mrefu, hao wana haya zaidi, na kindi wadogo wenye mistari mgongoni wakikimbizana juu ya kuta.

Viatu unaviacha nje, kuna watu wa kuvitunza kwa malipo madogo. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Beba soksi, kwani jua likishapanda sakafu ya uwanja inaunguza nyayo. Picha zinaruhusiwa, ila usimpe Buddha mgongo ili upigwe picha naye. Kwa wenyeji huo ni utovu wa adabu mkubwa.

Mapango ni matano, na ndani yake mna sanamu 153 za Buddha, pamoja na chache za wafalme na miungu. La kwanza lina Buddha aliyelala, urefu wa mita 14, amechongwa katika mwamba uleule wa mlima. Chumba ni chembamba, kwa hiyo unamtazama kwa karibu mno, kuanzia nyayo hadi uso.

Pango la pili ndilo lililonishika. Lina upana wa zaidi ya mita 50. Unatoka kwenye mwanga mkali, unasimama gizani hadi macho yazoee, halafu dari inaanza kujitokeza. Hakuna mahali palipoachwa wazi. Mafundi hawakuulainisha mwamba kwanza. Walichora juu ya mabonde na vilima vyake, utadhani kanga imetandazwa juu ya kichwa chako na upepo unaipuliza. Utaona majeshi ya Mara, yule pepo mshawishi, yakimshambulia Buddha aliyeketi kimya, utaona Dutugemunu, mfalme wa kale wa Kisinhala, akipigana na Elara, mfalme Mtamil aliyetoka kusini mwa India. Pembeni matone ya maji yanadondoka kutoka darini na kukingwa kwenye chungu, na maji hayo hutumika kwa ibada. Lakini mvua ya nje haiingii, kwa sababu watu wa zamani walichonga mchirizi kwenye ukingo wa mwamba juu ya milango ili maji yadondoke mbele. Nilisimama kuutazama mchirizi huo kwa muda mrefu. Bila kazi ile ya mikono, rangi zote hizi zingekuwa zimeoza.

Historia yake inaanza na mfalme Valagamba, karne ya 1 kabla ya Kristo. Wavamizi kutoka kusini mwa India walimtoa Anuradhapura, mji wake mkuu, na mapokeo yanasema alijificha humu kwa miaka kama 14. Aliporudi kwenye kiti chake, maficho aliyageuza kuwa hekalu. Mwaka 1190 mfalme Nissanka Malla alizipaka sanamu dhahabu, na michoro mingi unayoiona leo ni ya enzi ya wafalme wa Kandy, karne ya 18. Sanamu za Valagamba na Nissanka Malla zimo katika pango hilo la pili. Mwombe mwongozaji akuonyeshe.

Mapango matatu yaliyobaki ni madogo kwa sifa, ingawa la tatu lina dari nzuri. Ukibanwa na muda, yapite haraka urudi la pili.

Wapo walioniuliza kama mtu wa dini nyingine anaruhusiwa. Anaruhusiwa, na hakuna aliyenitaka niiname wala niwashe chochote. Kinachotakiwa ni heshima uliyonayo nyumbani kwenye nyumba yako ya ibada: sauti ya chini, usiguse sanamu, mpishe anayeomba.

Mabasi ya Colombo kwenda Trincomalee yanapita Dambulla, na kutoka Kandy yapo mengi ya kuelekea kaskazini. Ukishuka, bajaji inakufikisha langoni. Fika mapema asubuhi, hewa ikiwa safi Sigiriya inaonekana vizuri kutoka juu, na ukishuka nunua dafu lao la rangi ya chungwa. Siku ya Poya, mwezi ukiwa mpevu, waumini hujaa hadi ngazini. Kama unataka kuichunguza michoro kwa nafasi, chagua siku nyingine.