TAHADHARI: "Wakala" anayeuza petisheni ya Marekani kwa vikundi vya ngoma na sarakasi

Wasanii wenzangu wa Dar na Bagamoyo, someni hadi mwisho kabla hamjatoa hata shilingi.

Kuna mtu anapita kwenye mazoezi ya vikundi akijitambulisha kuwa wakala wa maonyesho ya Marekani. Jina lake siliandiki kwa kuwa shauri limeshafika polisi. Kwetu alikuja na mkataba uliojaa mihuri na ratiba ya ziara ya miji kadhaa. Anataka kila mchezaji alipe dola 1,000, anaiita "ada ya uhamiaji", ili petisheni ya P-3, yaani ombi rasmi linalotangulia viza, iingizwe. Wapo waliokopa kwenye vikoba. Kuna kijana wa sarakasi ameuza bodaboda iliyokuwa inamlisha yeye na mama yake. Hela zote zimeingia kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

P-3 yenyewe ipo kweli, na hapo ndipo anapowapata watu. Ni viza ya wasanii wa sanaa za asili ya jamii yao, kwa hiyo ngoma na taarab zinaweza kuingia humo. Lakini msanii hajiombei. Fomu I-129 inawasilishwa na mwajiri au wakala aliyeko Marekani kwa idara yao ya uhamiaji, USCIS, ikiwa na mkataba, ratiba, barua ya chama cha wafanyakazi wa fani hiyo na maelezo ya wataalamu kuthibitisha kwamba sanaa yenu ni ya kweli. Hakuna mtaalamu yeyote aliyewahi kutuuliza habari za ngoma zetu. Ikishakubaliwa ndipo kila mmoja anaomba viza yake ubalozini.

Sasa angalieni hesabu yake. Ada ya I-129 inalipwa kwa petisheni, si kwa kichwa, na tangu Aprili 2024 petisheni moja inabeba hadi watu 25. Ada ya msingi kwa viza za kundi la P iliwekwa dola 1,015, pungufu kwa waajiri wadogo, na juu yake kuna tozo nyingine inayomhusu mwajiri. Mtu anayekusanya dola 1,000 kwa kila mchezaji kwenye kikundi cha watu kumi na wanne, hizo nyingine anampelekea nani?

Alipobanwa alileta karatasi aliyodai ni ya USCIS. Namba ya kesi yao ina herufi tatu na tarakimu kumi. Yake ilikuwa na tarakimu tisa. Namba hizo mtu yeyote anaziangalia bure kwenye tovuti ya USCIS. Hata namba ikikubali, someni ni ya fomu gani, maana ukurasa ule hauonyeshi jina la mtu na tapeli anaweza kuazima namba ya kesi nyingine. Dawa ni kuutafuta wenyewe ukumbi uliotajwa kwenye ratiba, kwa anwani mliyoipata nyinyi, si aliyowapa yeye. Sisi tuliuandikia ukumbi wa kwanza. Wakajibu kwamba hawana onyesho hilo na hawamjui.

Kubwa zaidi ni haya mawili. Anawaambia baadhi waombe viza ya utalii kwanza, "mtabadilisha mkifika". Kupanda jukwaani kwa malipo ukiwa na viza ya utalii ni kuvunja masharti yake. Na anataka kila kikundi kiingize watu wake wawili watatu kama wapiga ngoma au mafundi mitambo. Msikubali, hata akipunguza bei. Aliyedanganya jambo la msingi ili apate viza, sheria ya Marekani inaweza kumfungia mlango maisha yake yote, na msamaha wake ni mgumu kuupata. Wapenzi wa dansi wanakumbuka yaliyompata Papa Wemba, mwanamuziki wa Kongo: mwaka 2004 mahakama ya Bobigny, Ufaransa, ilimtia hatiani kwa kusaidia watu kuingia nchini humo wakijifanya wanamuziki wake. Jina kubwa kiasi kile halikumkinga. Mcheza ngoma asiyejulikana atakingwa na nani?

Anayewaalika kwa haki hatakasirika mkimuuliza nani amesaini I-129, wala mkipeleka mkataba wake Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), ambako kibali cha kwenda kutumbuiza nje kinatolewa.

Mliokwisha kulipa, msifute meseji wala kumbukumbu za miamala. Nendeni kituo cha polisi na namba za miamala, nakala ya mkataba na mashahidi waliokuwepo mkilipa. Nasikia anawatisha kwamba atakayeshitaki anaondolewa kwenye orodha ya safari. Hakuna orodha. Jibu la ule ukumbi ninalo kwa maandishi, na kiongozi yeyote wa kikundi akilihitaji nitampa nakala.