Kapasitansi ya koili ya Tesla: kuikokotoa kwa Medhurst au kuipima?

Koili ya Tesla ni transfoma ya volteji ya juu, na kapasitansi ni uwezo wa koili kuhifadhi chaji. Fomula ya Medhurst ya 1947, ya kukadiria kapasitansi hiyo, inafaa kabla hujanunua waya. C = K × D: D ni kipenyo kwa sentimita, K ni namba inayotegemea uwiano wa urefu na kipenyo, jibu ni pikofaradi (pF). Koili ya pili (ile ndefu yenye mizunguko mingi) yenye kipenyo cha sm 11 na urefu wa sm 44 ina K ya takriban 0.72, yaani pF 7.9. Kwa mizunguko 1,000, indaktansi (L, kipimo cha koili kupinga mabadiliko ya mkondo) ni kama mH 24.3, na rezonansi (masafa ambayo koili hutetema kwa nguvu zaidi) hukaa karibu na kHz 363. Lakini fomula haijui kuta, dari wala toroidi yako (pete ya chuma ya juu ya koili).

Kupima ndiko kunakoaminika. Unganisha ncha ya chini na jenereta ya mawimbi iliyofungwa ardhini, kisha pandisha masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) taratibu hadi wimbi lifike kilele. Probu ya osiloskopu (kifaa kinachoonyesha wimbi) isiguse koili kamwe: huongeza pF 10 au zaidi, kuliko koili yenyewe! Iache ining'inie umbali wa mita moja, nawe simama mbali, maana mwili pia hushusha masafa. Kisha C = 1/(4π²f²L), ambapo f ni masafa ya kilele.

Rudia ukiwa umeweka toroidi. Ongezeko huwa dogo kuliko kapasitansi ya toroidi ikiwa peke yake, kwa sababu toroidi na koili hukingana.