Faundesheni, Stashahada au Kozi ya Mtandaoni: Tathmini ya Njia za Kuingia TEHAMA

Mdogo wangu alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, akiwa na D ya Hisabati, E ya Fizikia na S ya Kemia. Kwa hesabu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), D ni pointi 2 na E ni pointi 1, ilhali shahada hudai pointi 4 kutoka masomo mawili. Alipungukiwa pointi moja tu, na nyumbani nikapewa kazi ya kumtafutia njia nyingine.

Nilianza na Programu ya Msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo wengi huiita faundesheni. Ubora wake mkubwa ni kutambuliwa na TCU: anayepata GPA (wastani wa alama) ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, pamoja na angalau C katika masomo matatu ya kundi lake, anaweza kuomba shahada, ilimradi awe na pointi 1.5 za kidato cha sita au sifa nyingine inayokubalika. Husomwa kwa masafa, yaani bila kuhudhuria darasani kila siku, utaratibu unaomfaa mfanyakazi aliyekwisha kujipangia siku yake, lakini kijana aliyezoea kuamshwa na kengele ya bweni hujikuta peke yake na vitabu. Kasoro inayonisumbua zaidi ni kwamba asiyefikisha 3.0 hutoka bila shahada wala ujuzi ambao mwajiri ataulizia.

Kituo kimoja binafsi, ambacho sitakitaja, kilitutoza shilingi 600,000 kwa miezi mitatu ya "uprogramu wa kimataifa". Mwalimu aliwawekea vijana video za YouTube ukutani, akatoka kupokea simu. Nilipoomba kuona usajili wa kituo nilionyeshwa kalenda yenye nembo yao.

CS50, kozi ya mtandaoni ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, ni bure, na ndiyo iliyotufaa kuliko nilivyotarajia. Huanza na Scratch, uprogramu wa kupanga vipande vya picha, ikaingia lugha ya C wiki inayofuata, kisha Python na SQL, lugha ya hifadhidata, na mazoezi yake hayamhurumii mvivu. Gharama yetu ilikuwa bando. Hata hivyo cheti chake hakimwingizi mtu chuo kikuu, na tangazo la nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II serikalini hudai shahada.

Kwa hiyo naipa stashahada ya chuo kilichosajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, nafasi ya kwanza. Mhitimu wa kidato cha sita kwa kawaida huisoma miaka miwili, yaani mwaka mmoja zaidi ya faundesheni, lakini anatoka akijua kufunga mtandao na kutunza hifadhidata, na akiwa na GPA ya 3.0 bado anaomba shahada kwa sifa linganishi, yaani kwa stashahada badala ya pointi za kidato cha sita. Faundesheni ningemshauri mtu mwenye kazi tayari, anayehitaji shahada ili apandishwe cheo.

Kabla ya kulipa ada nilimtaka mdogo wangu afike wiki ya nne ya CS50, inayohusu kumbukumbu ya kompyuta, ambako wengi huachia njiani. Alikwama, akarudia zoezi lile lile kwa siku tisa, na siku ya kumi aliniamsha saa saba usiku kunionyesha kwamba limekubali. Asubuhi tulijaza fomu ya stashahada.