London na Vienna: bahari dhidi ya ukuta

Vienna ilijengwa kando ya Mto Danube, kwenye njia ya biashara ambayo pia ilikuwa njia ya majeshi. Waturuki wa Dola ya Othmani waliuzingira mji huo mwaka 1529, wakarudi tena 1683. Kwa hiyo wakazi walijibana ndani ya ngome, na kwa kuwa mji haukuweza kutanuka, nyumba zilipanda ghorofa juu ya ghorofa. Nje ya kuta uliachwa uwanja mtupu wa mamia ya mita, ili adui asipate pa kujificha na mizinga imwone vizuri.

London nayo ilikuwa na ukuta, wa tangu enzi za Warumi, lakini bahari inayoitenga Uingereza na bara, pamoja na manowari zake, ndiyo iliyokuwa ngome ya kweli. Mji ukamwagika nje ya kuta, ukafuata barabara na Mto Thames, ukameza vijiji. Ngome za udongo zilizochimbwa kuuzunguka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe zilibomolewa mwaka 1647.

Kinachonivutia zaidi ni hatima ya ule uwanja mtupu. Mwaka 1857 Kaisari Franz Joseph wa Austria aliamuru kuta za Vienna zibomolewe, na mahali pake ikapita Ringstrasse, barabara pana yenye bunge, chuo kikuu na jumba la opera. London haikuwahi kupata ardhi kama hiyo katikati ya mji.