Samaki Alikuwa Mtamu, Unga Ndio Ulioniponza

Mgebuka niliyemkaanga nyumbani bila unga wa ngano ni miongoni mwa samaki watamu zaidi niliopata kula tangu nizaliwe hapa Kigoma, na ninalitanguliza hilo kwa makusudi, kwa sababu karibu yote yanayofuata ni malalamiko.

Nina ugonjwa wa seliaki. Gluteni, ile protini iliyomo katika ngano na shayiri, huifanya kinga ya mwili wangu ishambulie ukuta wa utumbo mwembamba, na moto wa kikaango hauiondoi. Ndiyo maana samaki wa mama lishe siwagusi, kwani wengine hupakwa unga wa ngano, na hata asiyepakwa huweza kukaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi. Nikaamua kujipikia. Nilinunua migebuka asubuhi mwaloni Kibirizi, wakiwa bado wanang'aa, nikanunua mihogo mikavu sokoni, kisha nikaipeleka mashineni.

Nilimwuliza kijana wa mashine, kwa adabu zote, kama siku hiyo alikuwa amesaga ngano, na kama alisaga, basi atangulize kilo mbili za mihogo yangu kusafishia mashine, ambazo ningeziacha na kuzilipia. Hakuniangalia. Alisema, "Mama, unga ni unga. Kama una masharti, rudi kwa mganga wako aliyekupa." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nilisimama na ndoo yangu mkononi, nikaona haya kubishana mbele za watu, nikamwachia asage.

Nyumbani nilikata samaki vipande, nikavipaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa, nikavikausha kwa kitambaa safi kabla ya kuvigaragaza katika unga, maana unga wa muhogo hauna ule mnato wa ngano, na samaki akiwa na maji huchopoka wote ukabaki kikaangoni. Niliviacha vitulie kama dakika kumi, ndipo nikavitia katika mawese yaliyopata moto sawasawa. Ganda lilitoka jembamba, kavu, likilia chini ya meno, na nyama ya ndani ilibaki na majimaji yake. Ngano haijawahi kunipa ganda kama lile! Nilikula na ugali wa unga ule ule, na maneno ya yule kijana yakanitoka kabisa moyoni.

Usiku tumbo lilijaa, likanikata, na kwa siku tatu sikuwa na nguvu ya kufagia hata uwanja. Nilipopata nafuu nilirudi mashineni kuuliza, na bibi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akaniambia kwamba siku ile, muda mfupi kabla yangu, alisagiwa pale pale unga wa lishe wa mjukuu wake, na ngano ilikuwamo.

Huenda ninamwonea kijana yule. Seliaki ni neno geni kwetu, na mashine moja ndiyo inayosagia mtaa mzima mahindi, mihogo na lishe. Hapo mwanzo nilikuwa nimeandika kwamba huduma yake ni nzuri, kwa kuwa kwa kweli unga ulitoka laini mno na bei ilikuwa ya haki. Lakini kila nikikikumbuka kile kicheko ninaifuta sentensi hiyo. Sikumwomba asimamishe kazi yake. Nilimwomba jibu la ndiyo au hapana, ambalo lingeniwezesha kurudi nyumbani na mihogo yangu nikiwa mzima. Mwenye mgonjwa kama mimi nyumbani asiende pale, hata kama ndiyo mashine iliyo karibu.

Samaki mwenyewe sitamwacha. Juzi nilinunua kinu kipya na mchi wake, nikatwanga mihogo na kuichekecha mara mbili. Unga ulikuwa na chenga, ganda likawa nene, na rangi haikukolea vizuri kama mara ya kwanza. Nilikula vipande vinne, nikalala hadi alfajiri bila kuamka.