Wavu wa dirisha kwa mifuko ya kupimia uozaji wa majani: unafaa nusu tu

Kujua majani yaliyoanguka kwenye pori kavu la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, yanarudisha virutubisho ardhini kwa kasi gani, kipimo cha kawaida ni mfuko wa wavu: unapima majani, unayafunga ndani, unayalaza chini, kisha unarudi kuyapima kwa zamu. Mifuko ya kuagiza nje ipo, ila wengi huishia duka la vifaa vya ujenzi, wakanunua wavu wa mbu wa madirishani kwa mita na kumpelekea fundi cherehani. Tunauangalia wavu huo wa plastiki kwa kazi hiyo. Habari za mbu haziko hapa.

Sifa zake ni za kweli. Haunyonyi maji wala hauozi. Wavu wa waya uliopakwa zinki huonekana imara zaidi, lakini zinki huingia kwenye majani, na maabara itakupimia madini ya dirisha. Wa faibaglasi hufumuka pembeni ukikatwa, mshono haushiki. Kwa wavu wa plastiki wenye upana wa mita 1.2, mita 1 hutoa vipande 20 vya sentimeta 22 kwa 22. Viwili vikishonwa hutoa mfuko wa 20 kwa 20, unaobeba gramu 10 za majani bila kubanana.

Tatizo ni matundu, ya kama milimeta 1 na nusu. Kwa vijani vya mgunga ni baraka, maana havidondoki njiani. Lakini mchwa, wafagiaji wakuu wa pori kavu, hasa kiangazi ambapo kuvu na bakteria wamelala kwa kukosa unyevu, hawapiti kirahisi. Majani ya nje yanaishia kichuguuni, yako bado yamo mfukoni. Hapo ukiandika kwamba majani ya mlama huoza polepole, umepima wavu. Dawa yake ni hii: chini weka wavu wa dirisha, juu weka wenye matundu ya milimeta 5. Mita 1 ya kila aina hutoa mifuko 20. Shona na mingine yenye wavu wa dirisha pande zote mbili. Tofauti kati ya aina hizo inakuonyesha kwa makadirio kazi ya mchwa na wadudu wengine wakubwa.

Mchwa akiingia huleta udongo. Mfuko uliotoka na gramu 10 unaweza kurudi na 14, na mgeni wa kazi hii hudhani mizani imeharibika. Pangusa majani kwa brashi laini, usiyaoshe, kwani maji huondoka na potasiamu. Yasage, chukua gramu 1, choma kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 550 kwa saa 4. Majivu yanayozidi yale ya majani mapya ya mti huohuo, hesabu ni udongo.

Mwambie fundi ashone kwa uzi wa nailoni. Wa pamba huoza kabla ya majani. Lebo ya karatasi italiwa. Kata kipande cha kopo la soda, andika namba kwa ncha ya msumari.

Majani yakaushe kivulini, usiyatie joto kabla ya kuyapeleka porini. Sehemu ndogo tu ikaushwe kwa nyuzi 65 ili kujua unyevu uliobaki. Beba pia mifuko 5 hadi porini na uirudishe siku ileile: kilichopungua humo ni vumbi la safari, na lazima kitolewe kwenye hesabu.

Laza mifuko mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za Aprili, maana potasiamu haijafungwa kwenye kuta za seli na mvua za kwanza huisafisha. Kusanya mara nyingi mwanzoni: wiki ya 2, 4, 8, 16, 32 na 52. Nitrojeni inaweza kupanda badala ya kushuka. Majani yenye kaboni nyingi mno huwafanya kuvu wavute nitrojeni kutoka udongoni. Kalisi hukawia. Kama gramu 10 zimebaki 4 baada ya mwaka, kasi ya kuoza ni 0.92 kwa mwaka (logi asilia ya 10 gawa kwa 4).

Wavu pia hukinga jua, na jua la Karamoja lenyewe huvunja lignini (kitu kigumu kinachoimarisha kuta za seli za mmea), kwa hiyo namba yako itakuwa chini kidogo ya hali halisi. Usiuache zaidi ya mwaka: plastiki hukauka, hukatika, na vipande hubaki porini. Kona nne zishikiliwe kwa misumari ya inchi 6, kwa sababu ya upepo na mbuzi. Moto hauna msamaha kwa plastiki. Fyeka ukanda wa mita 3 kuzunguka eneo kabla nyasi hazijakauka.